BEI YA KULE SI BEI YA HAPA
Mazungumzo juu ya gharama za kuagiza vitu ng'ambo

Leo twapenda kueleza jambo linalowapata watu wengi siku hizi, wa mjini na wa shamba pia. Mtu huona kitu kizuri kinauzwa ng'ambo, hutazama bei yake, hutuma fedha, kisha hungoja kwa furaha. Siku kitu kile kinapofika nchini, badala ya kukabidhiwa mali yake hukabidhiwa hesabu nyingine ya kulipa: ushuru, kodi, ada, na gharama za ghala. Hapo hushangaa, na wengine hukasirika wakasema wameibiwa. Mara nyingi hawakuibiwa na mtu ye yote. Waliihesabu nusu ya bei, wakaisahau nusu ya pili.

Zamani mtu aliyetaka kuagiza kitu Ulaya au Bara Hindi alikuwa na orodha ya bei iliyopigwa chapa, naye alipeleka barua na hawala ya posta. Walioagiza hivyo walikuwa wachache, nao kwa kawaida walikuwa wafanya biashara waliozijua desturi za bandarini. Siku hizi orodha ya bei ya dunia nzima imo ndani ya simu ya mkononi, na mkulima aliye Kitui au Korogwe aweza kununua kitu Uchina kabla chai yake haijapoa. Kununua kumekuwa kwepesi sana, lakini mlango wa nchi ungali pale pale, na mlango huo una bawabu. Bawabu huyo ndiye forodha.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno "ushuru" tumelipata katika Kiarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi ya mali. Neno "forodha" nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni bandari. Hata leo mahali panapoitwa Forodhani, mjini Unguja, pakumbusha kazi hiyo. Katika mkataba uliofanywa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, ilipatanwa kwamba shehena za Wamarekani zitakazoshushwa katika nchi zake zitozwe ushuru wa 5 katika kila 100. Basi kutoza mali iingiayo si jambo lililozuka juzi kwetu. Ni desturi kongwe ya pwani yetu.

Baadaye nchi zetu zilianza kuunganisha forodha zao. Kenya na Uganda ziliungana mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia mwaka 1927. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliundwa mwaka 1967, ikavunjika mwaka 1977. Jumuiya ya sasa ilianzisha Umoja wa Forodha tarehe 1 Januari 2005. Tangu siku hiyo mali itokayo nje ya Jumuiya hupimwa kwa orodha moja ya ushuru, iwe imeingilia Mombasa, Dar es Salaam, au uwanja wa ndege wa Entebbe.

Orodha hiyo ilikuwa na madaraja matatu. Malighafi, pamoja na mitambo mingi ya kuzalishia mali, hazitozwi ushuru. Vitu vilivyotengenezwa nusu, ambavyo bado vitatiwa katika kazi nyingine, hutozwa asilimia 10, yaani shilingi 10 katika kila shilingi 100. Vitu vilivyokwisha kutengenezwa, tayari kwa matumizi, hutozwa asilimia 25. Tarehe 1 Julai 2022 likaongezwa daraja la nne la asilimia 35, kwa bidhaa ambazo nchi zetu zaweza kuzitengeneza zenyewe, kama vile nguo, samani, na vitu vya ngozi. Ziko bidhaa chache zilizotengwa kando na kutozwa zaidi ya hapo, na kila mwaka nchi moja moja huweza kupewa ruhusa ya kuachana na orodha kwa vitu fulani. Kwa sababu hiyo kiwango cha mwaka jana si hoja ya mwaka huu.

Pengine msomaji atauliza: mbona malighafi zaachiliwa na kitu kilichokamilika chatozwa? Jibu lake lafaa kufahamika. Fundi wa Thika au wa Arusha anayeshona mikoba hushindana na kiwanda kikubwa cha ng'ambo kinachoshona maelfu kwa siku. Ushuru huinua kidogo bei ya mkoba mgeni, ili fundi wa nyumbani apate nafasi. Lakini mashine yake ikitozwa sana, huyo huyo fundi ndiye atakayeumia. Hii ndiyo nia ya madaraja yale. Nia ya pili ni fedha za serikali, zinazojenga barabara na kulipa waganga na walimu. Mtu anaweza kubishana kama nia hizo zatimizwa vema, na mabishano hayo ni haki ya raia. Lakini haifai kutuma fedha ng'ambo kana kwamba ushuru haupo.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapotosha watu kuliko yote. Wengi hudhani ushuru hukatwa katika bei ya kitu peke yake. Sivyo. Kwa mzigo unaokuja kwa meli, forodha huhesabu bei ya kitu, ikaongeza nauli ya kukileta hata bandarini, ikaongeza na bima ya njiani. Jumla ya vitu hivyo vitatu ndiyo thamani ya forodha, nayo ndiyo msingi wa kodi zote. Jambo la pili ni kwamba kodi haziketi kando kando kama vikapu sokoni. Moja hukaa juu ya mgongo wa nyingine. Hesabu itaonyesha wazi zaidi kuliko maneno. Wanafunzi na washike kalamu.

Tuseme wanachama wa duka la ushirika katika kijiji kimoja cha Kenya wameagiza saa 40 za ukutani, zije kwa meli hata Mombasa. Bei ya saa moja kule, kwa fedha yetu, ni shilingi 2,000. Basi saa 40 ni shilingi 80,000. Nauli ni shilingi 18,000, na bima ni shilingi 2,000. Bei hizi ni za mfano, nasi tumezichagua ili zigawanyike vizuri. Tuchukulie pia kwamba saa hizo zimo katika daraja la asilimia 25.

Thamani ya forodha ni 80,000 na 18,000 na 2,000, yaani shilingi 100,000 kamili.

Ushuru wa forodha, asilimia 25 ya 100,000, ni shilingi 25,000.

Ada ya tamko la kuingiza bidhaa, ambayo Kenya iliishusha mwaka 2023 kutoka asilimia 3.5 hata asilimia 2.5, ni shilingi 2,500.

Tozo ya kuendeleza reli, iliyopandishwa Desemba 2024 kuwa asilimia 2, ni shilingi 2,000.

Mwisho ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo Kenya ni asilimia 16. Hapa tazameni kwa makini. Kodi hii haikatwi katika 100,000. Hukatwa katika thamani ya forodha pamoja na ushuru, yaani katika 125,000. Asilimia 16 ya 125,000 ni shilingi 20,000. Ndiyo kusema kwamba wanachama wametozwa kodi juu ya ushuru walioulipa.

Jumla ya malipo ya serikali ni shilingi 49,500. Mzigo uliodhaniwa kuwa wa shilingi 100,000 sasa ni wa shilingi 149,500, na bado haujatoka Mombasa.

Yatazameni matokeo. Wanachama walikuwa wamegawanya 100,000 kwa saa 40, wakaona kila saa imewagharimu shilingi 2,500. Wakapanga kuuza kwa shilingi 3,000, wapate faida ya 500 kwa kila saa, jumla shilingi 20,000, labda za kuezekea ghala lao. Lakini gharama ya kweli ya kila saa ni shilingi 3,737 na senti 50. Wakiuza kwa 3,000 watapata hasara ya shilingi 29,500. Hakuna aliyewadanganya: mwenye kuuza alisema kweli, mwenye meli alisema kweli, na forodha imetoza kwa sheria. Hata hivyo fedha za wanachama, zilizokusanywa kidogo kidogo kwa mauzo ya mahindi na maziwa, zimepotea.

Aliye Tanzania Bara au Uganda aweza kufanya hesabu ya namna hiyo hiyo, ila Kodi ya Ongezeko la Thamani kwao kwa kawaida ni asilimia 18, na Zanzibar ni asilimia 15. Ada nyingine ndogo ndogo hutofautiana kwa kila nchi, na mara nyingi hubadilishwa mwezi wa Julai, baada ya bajeti kusomwa mwezi wa Juni.

Tena msidhani kwamba kusamehewa kodi moja ni kusamehewa zote. Kitabu ni mfano mzuri kwa sisi watu wa shule. Mwaka 1950 mataifa yalipatana, katika mapatano yanayoitwa ya Florence, kwamba vitabu visitozwe ushuru wa forodha, ili elimu ivuke mipaka bila kizuizi. Lakini Kodi ya Ongezeko la Thamani si ushuru wa forodha. Nchini Kenya vitabu vilianza kutozwa kodi hiyo mwaka 2013. Basi mwalimu anayeagiza vitabu ng'ambo asiishie kuuliza, "Je, vina ushuru?" Na aulize, "Je, vina malipo gani yo yote?"

Baada ya fedha za serikali huja fedha za wachukuzi, na hizi ndizo huwachanganya watu zaidi, kwa maana huandikwa katika karatasi moja na kodi. Kampuni ya vifurushi mara nyingi hulipa kodi kwa niaba ya mwenye kifurushi ili kisikwame, kisha hudai fedha zile pamoja na ada ya kazi yake. Ada hiyo si kodi, wala haiendi serikalini. Huenda isipungue hata kama kitu ni cha thamani ndogo, hata mtu akajikuta analipa ada kubwa kuliko bei ya kitu chenyewe. Kwa mizigo mikubwa yuko wakala wa forodha, naye hudai ujira wake. Pia ziko gharama za bandari, na nauli ya lori hata kijijini.

Kisha ziko gharama za ghala. Mzigo hupewa siku chache za kukaa bure. Zikipita, kila siku huhesabiwa fedha. Mtu anayekasirika na kusema, "Sitalipa, nitangoja," ajue kwamba hesabu haingoji pamoja naye. Mali isiyochukuliwa kwa muda uliowekwa huweza kuhamishiwa ghala la forodha, na mwisho wake ni kuuzwa kwa mnada. Hapo mwenyewe amekosa kitu na fedha pia.

Je, hakuna njia ya kujua mapema ni nani atakayelipa nini? Njia iko. Mwaka 1936 Baraza la Biashara la Kimataifa, lenye makao yake Paris, lilitoa kanuni za maneno mafupi ya biashara, ambayo siku hizi kila neno huandikwa kwa herufi tatu, ili muuzaji wa nchi moja na mnunuzi wa nchi nyingine waelewane. Kanuni hizo zimesahihishwa mara nyingi, na toleo la mwaka 2020 ndilo la karibuni. Mkiona EXW, bei ni ya mlangoni pa muuzaji. Safari yote ni juu yako. Mkiona FOB, muuzaji atafikisha mzigo melini huko kwao, na nauli ya bahari ni yako. Mkiona CIF, amelipa nauli na bima hata bandari iliyotajwa, lakini ushuru hakuugusa. Mkiona DAP, ataleta mzigo hata mahali mlipopatana, ila kodi za kuingiza ni zako. Mkiona DDP, amejitwika yote pamoja na kodi. Herufi hizi tatu hazizidi ukubwa wa ukucha, lakini thamani yake yaweza kuwa nusu ya bei. Mahali zisipoandikwa, muulize muuzaji kwa maandishi, na jibu lake ulihifadhi.

Hapa twataka kukanya desturi mbili. Ya kwanza ni kumwomba muuzaji aandike bei ndogo kuliko ile ya kweli. Hilo ni kosa la sheria. Tena afisa wa forodha asiporidhika na bei iliyoandikwa ana uwezo wa kuikataa na kupima thamani kwa njia nyingine. Na mzigo ukipotea baharini, bima italipa kwa bei ile ndogo uliyoiandika. Ya pili ni kuandika neno "zawadi" juu ya kitu kilichonunuliwa, kana kwamba neno hilo ni hirizi. Afisa hutazama kitu na ankara yake. Hatazami neno peke yake.

Wala msidhani kwamba mambo haya yapo kwetu tu. Uingereza iliondoa tarehe 1 Januari 2021 msamaha wa kodi kwa bidhaa zisizozidi pauni 15 zilizotoka ng'ambo. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliondoa msamaha wao wa yuro 22 tarehe 1 Julai mwaka ule ule. Marekani, iliyokuwa ikiruhusu vifurushi visivyozidi dola 800 kuingia bila ushuru, iliuondoa msamaha huo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Na mashirika mengi ya posta duniani yalisimamisha kwa muda kupeleka vifurushi huko, kwa sababu hayakuwa tayari kukusanya ushuru kabla ya safari.

Habari hizo zatuhusu sisi pia, maana hatununui tu, twauza. Mama wa Ukambani anayesuka kiondo na kumpelekea mnunuzi aliye Boston au Leeds yafaa ajue kwamba mnunuzi yule naye aweza kushtushwa mlangoni kwake. Mteja akishtushwa mara moja harudi tena, ingawa kiondo ni kizuri. Basi amweleze mapema. Na mzazi anayempelekea mwanawe aliye masomoni Uingereza zawadi ya kweli ajue kwamba zawadi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, isiyozidi pauni 39, husamehewa kodi ya kuingiza huko, pombe na tumbaku zisiwemo. Lakini hati ya forodha juu ya kifurushi lazima ijazwe kwa ukweli, kitu kimoja kimoja na thamani yake.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la hatari. Kwa kuwa watu wamekwisha kuzoea kudaiwa fedha za vifurushi, walaghai nao wameijua njia hiyo. Hupeleka ujumbe katika simu: "Kifurushi chako kimezuiliwa forodhani, tuma fedha leo." Wengine hujifanya marafiki wa ng'ambo waliotuma dhahabu au fedha taslimu. Kumbukeni: kodi ya serikali hailipwi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Hulipwa kwa njia rasmi, kwa nambari ya kumbukumbu ya malipo, na stakabadhi hutolewa. Kama hukuagiza kitu, huna kifurushi. Kama uliagiza, nenda mwenyewe posta au ofisi ya kampuni iliyochukua mzigo, ukaulize kwa nambari ya kifurushi uliyopewa na muuzaji. Usiifuate nambari iliyo katika ujumbe.

Basi, kwa muhtasari, twawashauri mambo matano. Kwanza, kabla ya kutuma fedha, jua kitu chako kimo daraja gani la ushuru. Ofisi ya mapato au wakala wa forodha mwenye leseni atakuambia. Pili, andika hesabu yote katika karatasi moja: bei, nauli, bima, ushuru, ada, kodi, ujira wa wakala, na nauli ya mwisho. Tatu, uliza ni nani atakayelipa kila kimoja, nawe upate jibu la maandishi. Nne, weka ankara na stakabadhi zote, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tano, linganisha jumla hiyo na bei ya dukani kwa jirani. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikiwa na cheti cha asili, huvuka mipaka yetu bila ushuru wa forodha. Na kwa shehena zisizozidi dola 2,000 kipo cheti chepesi kilichowekwa kwa ajili ya wafanya biashara wadogo. Huenda saa, jembe, au kitambaa ukitafutacho Uchina kinapatikana Kampala au Moshi kwa fedha chache kuliko hizo.

Hatusemi watu wasiagize vitu ng'ambo. Viko vitu ambavyo havitengenezwi kwetu, na iko mashine moja iwezayo kubadili maisha ya kijiji kizima. Twasema tu kwamba bei ya kitu ni ile uliyokwisha kuilipa siku kitu kimefika mkononi mwako. Duka la ushirika litakaloifanya hesabu hiyo kabla ya kutuma fedha, hata likiamua kuziacha zile saa 40, litabaki na shilingi zake sandukuni. Na ghala lake litaezekwa.